Masini yenye mbio, lakini inangojea

Wandugu wa shimo, na ninyi bamama mwenye kutafutia watoto ordinateri: tangu mwisho wa mwaka 2025 memware imepanda bei, sababu masini makubwa za akili bandia zinaikula mingi. Mwezi wa 12 kampuni Micron ya Marekani ilitangaza kwamba inaacha kuuza memware za Crucial kwa watu wa kawaida. Basi kama unatoa feza, ujue unalipia nini.

Muuzaji atakuonyesha namba kubwa ya testi. Muulize: ilipima kazi gani?

Sisi tunajua hii mambo. Mahali fulani nilipotumika, pele ilijaza kamio kwa dakika kidogo, kisha ilisimama bule kungojea kamio irudi. Mangaribi tani zilipunguka, na aliyeandikwa mvivu ni ule wa pele! Barabara mbovu haikuandikwa.

Prosesa ya gigaherzi 4 inapiga mara 4 katika nanosekunde moja. Kama kitu inachotaka hakiko karibu, inakituma kutoka memware, na hapo inaweza kungojea nanosekunde 80. Ni mapigo 320 ya bure.

Mwaka 2022 AMD ilikuwa na prosesa mbili-ndugu kwa soko: 5800X ya zamani kidogo, na 5800X3D mpya. Ile mpya ilikuwa na mbio ndogo, gigaherzi 4,5 kwa 4,7. Lakini depo yake ya ndani, wanaiita kashe, ilikuwa megabaiti 96, ya mwenzake 32. Katika testi ya Cinebench, ambayo haiendi mara mingi kwa memware, ilishindwa kidogo. Katika michezo ya video mingi ilimupita mwenzake mbali, sababu haikungojea sana. Ukisoma testi ya kwanza peke yake, unamuhukumu mwenye haki.

Na hesabu hii inafaa sokoni. Juu ya bareti ya memware kuna mbio na namba ya CL. Zidisha CL kwa 2000, gawanya kwa mbio. DDR-400 ya CL2, ya zamani za 2003: nanosekunde 10. DDR5-6000 ya CL30 ya leo: 10 vilevile! Inabeba mara 15 zaidi kwa sekunde, lakini mzigo wa kwanza haufiki mbele. DDR5-4800 ya CL40 inafika karibu 17. Kwa kazi ya kubeba vitu vingi kwa mufuatano, kama video, njo itasaidia. Kwa kazi ya kurukaruka huku na huku, DDR4-3200 ya CL16 inajibu mbele yake, kwa 10.