Yadi za magari zituambie tunapewa funguo ngapi

Wauzaji wa magari yaliyotumika Japani wana tabia moja iliyonichosha. Wanakukabidhi gari na ufunguo mmoja wa rimoti, unatia saini, unalipa, na hakuna anayetaja ufunguo wa pili. Shirika la Viwango la Kenya (KEBS) haliruhusu gari lililozidi miaka 8 kuingizwa nchini, kwa hivyo mengi yanayotufikia siku hizi huwashwa kwa kubonyeza kitufe. Ufunguo wa gari la aina hiyo si chuma cha kuchongesha kando ya barabara.

Wangu ulipotea sokoni hapa Isiolo. Mafundi wetu wa mtaa wa Chechelesi ni hodari wa injini na breki, lakini mashine ya kusajili ufunguo mpya, ile ya kuchomeka kwenye soketi iliyo chini ya dashibodi, hawana. Kulivuta gari hadi Meru kutafuta fundi hakukuwezekana kwani usukani ulikuwa umejifunga. Ikabidi fundi atoke Nairobi, karibu kilomita 280, kwa nauli yangu, chakula changu na malazi yangu. Rimoti aliyokuja nayo ilifanana na yangu hadi alama za vitufe, ila gari halikuitambua. Kumbe ilikuwa ya soko la Ulaya, ya masafa ya megahezi 433, na za Japani hutumia karibu 315. Nyingine ikaagizwa, ikaja kwa basi. Pesa zilizonitoka zingeninunulia mbuzi kadhaa pale soko la mifugo.

Kinachoniuma ni hiki: ukiwa na ufunguo mmoja unaofanya kazi, kuongeza wa pili mara nyingi ni kazi ya dakika chache. Zikipotea zote, imobilaiza, yaani mfumo unaozuia gari kuwaka bila ufunguo wake, hufutwa kumbukumbu na kuanzishwa upya, na hapo bei hupanda. Aliyeniuzia alijua hayo. Nilipompigia simu alicheka, akasema magari huja hivyo. Huja hivyo kutoka wapi? Kiwandani halikutoka na ufunguo mmoja.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupewa habari anazohitaji ili aifaidi kikamilifu bidhaa aliyoilipia. Basi idadi ya funguo iandikwe kwenye mkataba wa mauzo, na yadi isiyo na ufunguo wa pili iutengeneze kabla gari halijatoka getini, au ipunguze bei. Kaunti ndizo hutoa leseni za biashara. Ziliweke sharti hilo.

Na nisisahau: fundi yule hakuniuliza logibuku wala kitambulisho. Mimi nilifurahi kwa kuwa nilikuwa na haraka, lakini angeitwa na mwizi, gari lingewaka vile vile. Mwenye gari anaweza kutambuliwa kwa simu tu, kupitia huduma za Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA) kwenye tovuti ya serikali ya eCitizen. Wenye mashine hizi walazimishwe kufanya hivyo kabla ya kuchomeka waya wowote.

Mkazi wa Chechelesi,
Isiolo