Usimmwagie mteja stoo nzima!

Mwezi huu nusura shangazi anikane.

Shangazi anauza vitenge Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Fremu yenyewe kiduchu, kodi yake sasa, utadhani hoteli! Akamlipa kijana mmoja amtengenezee programu ya simu, wateja wachague wakiwa nyumbani, na mawinga wasimle cha juu. Mimi na cheti changu cha fomu foo nikajipa umeneja. Nikapiga picha 400, nikazitupia zote.

Kasheshe! Mteja akifungua, simu inaganda. Mama mmoja wa Buguruni akapiga akiwaka: "Mwanangu, bando limekwisha na kitenge hata kimoja sijakiona!" Piga hesabu mwenyewe: picha moja KB 500, mara 400, ni MB 200, na programu ilikuwa inaziita zote kwa mpigo. Shangazi akanitolea macho: "Kodi inadaiwa Ijumaa. Utalipa wewe, bwana meneja?"

Nikaufyata. Kesho yake nikakaa dukani kumtazama anavyouza. Mteja kaingia, shangazi katandika vitenge vitano tu. Kabla mteja hajamaliza cha nne, dogo keshakonyezwa akimbilie stoo. Vilivyokataliwa vinakunjwa, meza isijae. Nikashtuka: kumbe dawa ninayo hapa hapa!

Nikamfuata yule kijana. Sasa programu inaleta vitenge 20 kwanza, picha ndogo za KB 50, jumla MB 1. Ukikipenda kimoja unakigusa, ndipo picha kubwa inakuja. Ukifika cha 15, vingine 20 vimeshaitwa. Na simu haibebi visanduku 400. Kwenye Android kuna kitu kinaitwa RecyclerView, kilikuja mwaka 2014. Visanduku vichache vinazunguka vile vile kama henga za dukani, kinachobadilika ni nguo tu.

Kijana akanogewa, akataka orodha isiyo na mwisho. Hapo nikagoma. Mtindo huo ulibuniwa mwaka 2006 na Mmarekani Aza Raskin, na baadaye mwenyewe akakiri hadharani kwamba roho inamsuta. Watu wanateremka tu na kidole mpaka wali unaungua jikoni! Tena duka lisilo na mwisho linamponza hata muuzaji, maana vitenge vya chini kabisa nani atavifikia?

Basi juu tumeandika "Vitenge 400", mteja achague kwa rangi au bei. Mtandao ukisuasua inatokea "Subiri kidogo", asidhani mzigo umekwisha. Na chini kabisa: "Umefika mwisho, karibu dukani."

Yule mama wa Buguruni nilimpigia, nikamwomba radhi na kumrushia bando. Jumatano akaja mwenyewe, akaondoka na vitenge vitatu.

Na kodi je? Ijumaa ilipatikana, ikapungua elfu ishirini. Nimeitoa mimi. Umeneja nao una gharama zake, mpenzi msomaji!

Kwa hiyo wewe unayetaka kufungua duka ndani ya simu, kabla hujamtafuta fundi, kakae kwanza Kariakoo nusu saa. Tukutane wiki ijayo panapo majaaliwa. Bai!