Kipimo cha Dawa Kifuate Figo, Si Mazoea

Mgonjwa wa figo anaporudi kliniki miguu ikiwa bado imevimba, maelezo mawili hutolewa upesi: ama hakumeza dawa, ama dawa yenyewe ni hafifu. Kwa maoni yangu, kuna swali linalopaswa kutangulia: je, dawa ilifika mahali inapofanyia kazi?

Furosemaidi, dawa ya kuongeza mkojo inayofahamika sana, haizuii chumvi ikiwa katika damu. Hufanya hivyo ikiwa ndani ya mrija wa figo, upande unaopita mkojo. Zaidi ya asilimia 95 ya dawa hii hushikamana na protini ya damu iitwayo albumini, kwa hiyo haipenyi kwenye vichujio. Ni lazima ivushwe na seli za mrija, kama abiria wanaovushwa kwa kivuko. Figo inapougua, vivuko hupungua, na takataka zilizolimbikana katika damu hugombea nafasi hizo hizo. Ndiyo maana miligramu 40 zinazomtosha mwenye figo nzima huenda zisimfae kitu mgonjwa wetu.

Tena, dawa hii ina kizingiti. Kipimo kisichokifikia hakileti mkojo wa maana, hata kikirudiwa asubuhi na jioni. Inafaa kwanza kuongeza kipimo cha mara moja hadi mkojo uitikie, kisha kukirudia kadiri inavyohitajika, kwa kuwa nguvu ya kidonge hudumu takribani saa 6 tu. Kikomo nacho kipo: ukikivuka, faida haiongezeki, na sindano ya kipimo kikubwa ikisukumwa kwa haraka yaweza kudhuru masikio.

Wapo watabibu wanaohofia kwamba kipimo kikubwa kitaimaliza figo. Hofu hiyo si ya bure, kwani mwili ukikaushwa kupita kiasi, damu inayoifikia figo hupungua. Lakini tiba ya hofu hiyo ni kupima uzito, shinikizo la damu, kreatinini na potasiamu; si kumwacha mgonjwa na dozi isiyofanya kazi huku maji yakijaa mapafuni.

Mazoea mengine nayo yamekwisha kutikiswa. Kwa miaka mingi ilifundishwa kwamba dawa za jamii ya thiazaidi hazifai figo ikidhoofika sana. Mwaka 2021, utafiti uliofanywa Marekani kwa wagonjwa 160 wenye ugonjwa wa figo wa hatua ya 4 ulionyesha kuwa klorthalidoni ilishusha shinikizo la juu la damu kwa takribani milimita 11 za zebaki katika wiki 12. Hata hivyo, kreatinini ilipanda zaidi kwa waliokuwa wakitumia pia dawa za kundi la furosemaidi. Hao wahitaji uangalizi wa karibu.

Nawe mgonjwa una sehemu yako. Jipime uzito kila asubuhi na uandike. Punguza chumvi, kwa maana chumvi ya chakula cha jioni hurudisha maji yaliyotolewa mchana. Usinunue diklofenaki wala ibuprofeni bila ushauri; hudhoofisha dawa hii na kuiumiza figo. Wala usijiongezee vidonge mwenyewe.

Nasi watoa huduma, kabla ya kumlaumu mgonjwa, tumuulize: baada ya kumeza dawa, ulikojoa zaidi? Jibu lake ndilo litakalotuonyesha kama kipimo kimetosha.