Intaneti ya ua mmoja tuigawane kwa makubaliano

Mwezi uliopita nilimtia hasara jirani yangu kwa kubadilisha neno moja tu, na hiyo ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Tunaishi nyumba tano ndani ya ua mmoja hapa Mbugangari, karibu na Petite Barrière. Mimi nilirudi mwaka 1994 nikitokea Masisi. Nyumba ya pili wamo waliotoka Uganda, ya tatu wamo waliofukuzwa Tanzania mwaka 2013, na mbili zilizobaki ni za wafanyabiashara wanaovuka kila asubuhi kwenda Birere. Kila mtu ana ndugu upande wa pili au mbali zaidi, na kila mtu ana simu.

Kwa miaka mingi kila nyumba ilijinunulia megabaiti zake. Siku moja nikapiga hesabu: faranga 500 kwa nyumba kwa siku, ua mzima ulikuwa unatumia faranga 75,000 kwa mwezi, na bado watoto walizunguka jioni wakiombana. Laini moja ya nyumbani yenye ruta haikufika nusu ya fedha hizo. Tukakubaliana mkataba uwe kwa jina langu, gharama tugawane sawa.

Iko faida nyingine ambayo mtu wa Kigali hawezi kuielewa upesi. Simu haijui mpaka. Ukikaa ukumbini unashika mnara wa Rwanda, ukitoka nyuma ya jiko simu inahamia mnara wa Goma na salio linayeyuka. Mwenye mtandao wa nyumbani huzima data ya simu, akazungumza na mtu wa Goma kwa WhatsApp bila kulipa bei ya nje ya nchi kwa mtu anayekaa umbali wa kutembea kwa miguu. Januari 2025, vita vilipofika Goma na makombora kuangukia hata hapa Gisenyi, ua mzima tulilala sakafuni ukumbini mwangu, kila mmoja na simu yake, tukingoja alama ya kuonyesha kwamba ujumbe umemfikia ndugu. Tangu usiku ule sikubali mtu aniambie kuwa intaneti ni anasa.

Kuifunga yenyewe si kazi ngumu, ila nilikosea mwanzoni. Kwa hofu ya wezi niliifungia ruta kabatini. Nyumba zetu nyingi zina mawe ya volkano ukutani, na mawe hayo mazito pamoja na mabati na hata pipa la maji hudhoofisha mawimbi. Jirani wa nyumba ya tano hakupata kitu. Nilipoipandisha juu, katikati ya ua, mbali na chuma, akapata. Mawimbi ya gigahezi 2.4 hupenya ukuta na kwenda mbali, yale ya gigahezi 5 yana kasi zaidi lakini huchoka mapema. Kwa hiyo wa mbali tumieni ya kwanza. Na kama majirani wa ua mwingine nao wana ruta, chagueni chaneli tofauti kati ya 1, 6 na 11, zisigongane.

Ulinzi uwe WPA2 au WPA3. Ule wa zamani wa WEP wataalamu walionyesha udhaifu wake tangu mwaka 2001, kwa hiyo anayeutumia leo ameacha mlango wazi. Badilisha pia neno la siri la kuingilia ndani ya ruta, maana lile la kiwandani mara nyingi limeandikwa chini yake, na kila mgeni anaweza kulisoma.

Sasa nirudi kwenye kosa langu. Kijana mmoja wa uani aliwapa marafiki zake neno la siri, wakawa wanakaa nje ya ukuta wakitazama mpira. Mtandao ukawa mzito. Usiku, kwa hasira, nikabadilisha neno la siri bila kumwambia mtu, nikalala. Usiku huohuo mteja wa Birere alimwandikia jirani yangu, mama anayeuza nyanya, kwamba lori limeshusha mzigo mkubwa, asilete kesho. Ujumbe haukufika. Mama akavuka na mabeseni yake, akauza kwa bei ya kutupa.

Jioni akaja mlangoni. "Mzee, simu yangu ilikuwa kimya tangu jana usiku, nikadhani ni umeme." Nilikosa jibu. Alikuwa amelipa sehemu yake kama mimi, nami niliizima kana kwamba ni taa ya chumba changu.

Wapo watakaosema basi kila mtu abaki na simu yake. Siafiki. Huko ni kurudi kwenye faranga 75,000. Wengine wanaogopa, kwa sababu laini ina jina moja, na tangu mwaka 2018 tuna sheria ya makosa ya kimtandao. Anayeandika matusi kwa laini yangu, atakayeulizwa kwanza ni mimi. Hofu hiyo ina msingi. Lakini dawa yake ni makubaliano: nani analipa lini, nani anajua neno la siri, na wageni wapewe mtandao wa wageni, ambao ruta nyingi za sasa zinao, wenye neno lake tofauti. Uulizeni pia upande wa kampuni kabla, maana mikataba mingine haitaki kugawana nje ya nyumba moja. Na wanaouzia wapita njia wajue kwamba kuuza intaneti kwa umma ni biashara ya leseni ya RURA.

Sisi tumeandika karatasi moja, imebandikwa ukumbini. Anayebadilisha neno la siri bila kuwaarifu wenzake analipa sehemu ya nyumba mbili mwezi huo. Mama wa nyanya alitia sahihi mwisho, baada ya kuniuliza kama kifungu hicho kinanihusu na mimi. Nikamjibu kinanihusu, na ya mwezi uliopita nimeshalipa.