Fedha Haitoki Baharini

Katika hadithi za kubuni tunazosomeana darasani kuna mji mmoja ambao hauchoki kurudi. Majina yake hubadilika, lakini mji ni uleule. Uko ufukweni, una kuta nyeupe za mawe, majahazi yamefunga bandarini. Mfalme anakalia kiti cha fedha, binti yake anakula kwenye sahani ya fedha, na hata ombaomba wa mjini hutupiwa sarafu ya fedha. Muulize mwandishi fedha yote hiyo imetoka wapi, naye atakujibu: "Si ni mji wa bandari?" Kana kwamba fedha ni sambaza wa Ziwa Kivu, huvuliwa usiku kwa taa.

Ndugu wanafunzi wenzangu, na ninyi wahadhiri wetu mnaotusahihisha, nasema jibu hilo halitoshi. Na ningelinyamazia kama lingekuwa la hadithi tu. Lakini jibu hilohilo tunaliandika kwenye karatasi za mtihani wa historia na fasihi, tena tunapewa alama: miji ya Waswahili ilikua kwa sababu ya biashara ya Bahari ya Hindi, pepo za monsuni zilileta wageni, wageni walileta utajiri. Pepo zilileta meli, sikatai. Lakini meli hazikuja kugawa sadaka. Kuna kitu zilikuja kuchukua, na kitu hicho hakikuota kwenye mchanga wa pwani. Bandari ni mlango. Mlango hauzai mali. Mali hupita hapo, na anayekaa mlangoni hutoza.

Tuanze na fedha yenyewe, ile nyeupe, maana sisi ni watu wa lugha na neno hili linatusaidia. "Fedha" tumelipata kwa Waarabu, na kwetu limebeba maana mbili: madini na pesa. Kinyarwanda kimelichukua kwa maana ya kwanza tu, tunasema "ifeza". Lugha iliyokopa jina la madini mara nyingi haikuwa na mgodi wake, na kweli pwani haikuwa nao. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, wanaakiolojia walikuta hazina ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha, ndogo ndogo, pamoja na dinari chache za dhahabu. Sarafu za fedha zimeandikwa majina ya watawala wa hapo pwani, kama Ali bin al-Hasan, na maandishi ya upande mmoja yana vina na ya upande wa pili. Mashairi juu ya pesa! Natamani kila mtunzi wetu azione. Ila Pemba ni kisiwa cha matumbawe na udongo wa karafuu. Ukichimba hata miaka 100 hutapata fedha. Madini yale yalitoka ng'ambo, yakapigwa chapa ya mwenyeji.

Basi yalinunuliwa kwa nini? Al-Masudi, msafiri wa karne ya 10, anaeleza kwamba pembe za ndovu za nchi ya Zanji zilipelekwa Oman, na kutoka hapo India na China. Ndovu hawakai Mtambwe. Wanakaa bara. Mtu aliyemfuata ndovu kwa mkuki na aliyeibeba pembe hadi pwani hakuandikwa kwenye sarafu yoyote, wala kwa vina wala bila vina.

Mfano wa Kilwa ni mkali zaidi, na ndio tunaoupenda kuliko yote. Kila mmoja wetu anajua kwamba Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akausifu mji kwa uzuri. Wengi tunajua pia kwamba sultani aliyemkuta, al-Hasan ibn Sulaiman, aliitwa Abu al-Mawahib, baba wa zawadi, kwa ukarimu wake. Hapo ndipo madaftari yetu hufungwa. Lakini Ibn Battuta hakuishia hapo. Katika maelezo yayo hayo anasema sultani huyo alikuwa akishambulia nchi za Wazanji mara kwa mara, akirudi na nyara, na nyara hizo akizigawa. Ukarimu ulikuwa na mahali ulipotoka! Tumenukuu zawadi, tumeruka nyara, halafu tunajiita wasomaji makini.

Na dhahabu ya Kilwa? Ilitoka uwanda wa juu wa Zimbabwe, ikashuka hadi Sofala, ikapanda vyombo kwenda Kilwa. Ilichimbwa na watu walioingia kwenye mashimo membamba kwa zana za chuma na kuchekecha mchanga wa mito. Kule Great Zimbabwe, wachimbuaji wamepata ushanga, vigae vya vyombo vya Kichina na vya Kiajemi, na sarafu moja ya shaba yenye jina la huyohuyo al-Hasan. Sarafu moja, na ya shaba. (Sarafu tano za shaba za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Yaani ukihesabu zilizookotwa, pesa ya Kilwa ilifika Australia kwa wingi kuliko ilivyofika kwa wachimbaji wa dhahabu yake. Najua kuokota si kuhesabu, lakini mzaha huu una ukweli ndani.)

Sasa nenda Unguja karne ya 19, baada ya Seyyid Said bin Sultan kuhamishia makao yake huko. Hapa fedha ina sura ya mwanamke: Maria Theresa wa Austria, aliyefariki mwaka 1780. Sarafu yake iliendelea kupigwa kwa miaka mingi baada yake, daima ikiandikwa 1780, kila moja ikiwa na uzito wa gramu 28 hivi. Pwani waliiita riale. Wafanyabiashara wa Salem, Marekani, walileta riale na kitambaa cheupe ambacho hadi leo tunakiita marekani. Wakaondoka na pembe, sandarusi, ngozi na karafuu. Pembe zile ziliishia viwandani Connecticut, zikakatwa vipande vya kubonyeza kwenye piano.

Fuata riale moja uone inavyotembea. Inashuka melini, inaingia forodhani, inapita mikononi mwa Wahindi wenye mitaji, inakaa kwenye kisanduku cha mwenye shamba la karafuu. Karafuu huchumwa na watumwa walioletwa kutoka pande za Ziwa Nyasa na kwingineko bara, kazi iliyoendelea hata baada ya soko la watumwa kufungwa mwaka 1873, kwa sababu utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Zanzibar hadi 1897. Na msafara unaokwenda bara kutafuta pembe haubebi riale. Unabeba marekani, ushanga, na waya wa shaba. Hili ndilo jambo ambalo ningependa mtunzi wa mji wa kubuni alilalie na kuliamkia: fedha haikupanda milima. Mnyamwezi aliyebeba mzigo kutoka Ujiji hadi Bagamoyo alipima uzito wa pembe begani mwake kwa frasila, na kila frasila ni kilo 16 hivi; malipo yake aliyapima kwa mikono ya kitambaa. Na kijiji cha Manyema kilichonyang'anywa pembe, tena kwa bunduki, hakikupata hata kitambaa. Riale zilibaki mjini zikawa milango ya kuchongwa.

Tunayo hata simulizi ya mhusika mwenyewe kwa Kiswahili, maisha ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, Tippu Tip. Tunaisoma kama mfano wa nathari ya zamani, tunahesabu nyakati za vitenzi. Isome kama daftari la mapato uone: mkopo kutoka kwa matajiri wa Unguja kama Taria Topan, safari, vita, pembe, deni kulipwa. Mwenye fedha alikaa Unguja. Mwenye kufa alikuwa Kasongo.

Najua yatakayosemwa. Wa kwanza atasema: hadithi ya kubuni haidaiwi stakabadhi. Mwandishi akitaka samaki waongee, wataongea. Akitaka fedha, fedha itakuwepo. Sawa. Lakini mbona mwandishi huyohuyo hutueleza joka lake linakula nini, na uchawi wa mganga wake unamgharimu siku ngapi za kufunga? Uchawi una bei, fedha haina. Maana yake ametulia akafikiri juu ya joka, lakini hakufikiri juu ya mtu aliye shimoni.

Wa pili atasema tutageuza fasihi kuwa kitabu cha jiografia. Huyu namjibu kwa riwaya. Abdulrazak Gurnah, katika Paradise, ambayo Ida Hadjivayanis ameitafsiri kwa Kiswahili kwa jina Peponi, hatoi mhadhara wowote wa uchumi. Anatuonyesha mtoto, Yusuf, anayechukuliwa na tajiri kwa sababu baba yake ana deni. Kisha tunakwenda na msafara wa tajiri huyo hadi bara, tunaona bidhaa zinavyotolewa na kunyang'anywa, na tangu hapo bustani nzuri ya tajiri haiwezi tena kuonekana bustani tu. Kwa mtoto mmoja aliyewekwa rehani, nyumba nzima imeelezwa mali yake ilikotoka.

Tena hata watukufu wetu wa kale nawauliza. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir ni kilele cha ushairi wetu, sina ubishi. Inaangalia magofu ya Pate, nyumba zilizojaa taa na vyombo vya fahari, na inauliza matajiri wale wako wapi leo. Swali zito. Lakini ni swali la mwisho wa mali. La mwanzo wake, mali ile ilikotoka, halikuulizwa, na sisi wanafunzi, miaka 200 baadaye, bado tunalia na magofu bila kuliuliza.

Labda mtu wa pwani ana udhuru. Amezaliwa mlangoni, macho yake yanatazama bahari. Sisi wa Rusizi hatuna udhuru huo. Sisi tumezaliwa upande ambao vitu huondoka. Hata fedha ilipofika kwetu haikuja kama malipo ya tulichouza. Ilikuja na askari wa Kijerumani, ambao walikuwa Shangi tangu mwaka 1898, nao walizungumza Kiswahili. Ilikuja kama rupia, na kuanzia 1904 rupia moja ikawa hela 100. Jirani zetu Warundi hadi leo wanaita pesa "amahera". Lugha yetu hii tunayoisomea, ambayo tangu 2017 ni lugha rasmi ya Rwanda, ilipanda milima hii pamoja na mkoba wa mtoza kodi. Haya hayanifanyi niipende kidogo. Yananifanya nisikubali kusimuliwa bandari bila bara.

Na msidhani ni mambo ya kale. Ukisimama Kamembe unaiona Bukavu ng'ambo ya maji. Kusini-magharibi mwa Bukavu kuna Kamituga, ambako dhahabu imechimbwa tangu wakati wa Wabelgiji. Huko kuna wanawake wanaotwanga mawe kwa mkono, kinu na mchi wa chuma, ili kutoa chembe za dhahabu, na vumbi wanalivuta wao. Wanaitwa "mama twangaise". Tazameni neno hilo: kitenzi chetu cha Kibantu, "twanga", kimevalishwa mkia wa Kifaransa. Sehemu kubwa ya dhahabu ya wachimbaji wadogo wa mashariki mwa Kongo huishia Dubai, mji wa bandari wenye kuta zinazong'aa na soko la dhahabu linalopigwa picha na watalii. Mkitaka mji wa ajabu wa ufukweni, huo hapo, hauhitaji joka. Lakini hadithi ya mji huo ikianzia dirishani mwa duka, mama twangaise hayumo. Ikianzia kwenye kinu chake, Dubai itakuwemo tu, kwa sababu ndiko njia inakoelekea.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili. Kwa watunzi wenzangu: kabla hujampa mfalme wako kijiko cha fedha, andika ukurasa mmoja, hata kama hutauchapisha, juu ya aliyeichimba au aliyetoa kitu kilichoinunua, mpe jina, mpe deni, mpe goti linalouma. Utaona mfalme wako naye anaanza kuongea kama mtu. Kwa wahadhiri: lile swali la siku zote, "Eleza sababu za kukua kwa miji ya pwani ya Afrika Mashariki", liendelee kuulizwa, hakuna neno. Liongezwe tu sehemu ya pili: "Taja waliolipa, na walilipa nini." Alama 10.