Bustani Ipewe Nafasi Katika Ramani ya Mji

Neno la Mhariri

Mtanzania akitajiwa Mbeya na Iringa, jambo la kwanza linalomjia ni chakula. Mahindi ya Ismani, mchele wa Usangu na Kyela, viazi vya Uporoto, ndizi na maziwa ya Rungwe: shehena hizi hushuka mlima Kitonga mchana na usiku kwenda kulisha Dar es Salaam. Kwa miongo mingi mikoa hii miwili, pamoja na Rukwa na Ruvuma, imehesabiwa kuwa ghala la taifa. Lakini utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 kuhusu afya ya uzazi, mtoto na malaria ulionyesha kwamba mkoa wa Iringa ndio unaoongoza kwa udumavu nchini. Kati ya kila watoto 100 walio chini ya miaka 5, karibu 57 wamedumaa, ilhali wastani wa taifa ni 30.

Takwimu hiyo ni ya mkoa mzima, vijiji na mji kwa pamoja, na sababu zake ni nyingi. Hata hivyo inatufundisha jambo ambalo ndilo msingi wa toleo hili: wingi wa nafaka si lishe. Mtoto anayeshiba ugali mara mbili kwa siku halali njaa, lakini mwili wake unakosa kile kinacholetwa na mboga, tunda, yai na maziwa. Hivyo ndivyo vitu ambavyo bustani ya mjini na banda la nyuma ya nyumba hutoa. Kwa hiyo tunasema: kilimo cha mjini katika Mbeya na Iringa kisiendelee kuvumiliwa kana kwamba ni mazoea ya watu waliohamia mjini na majembe yao. Kihesabiwe kuwa huduma ya mji. Kitengewe ardhi kama zinavyotengewa shule, zahanati na barabara, na ardhi hiyo ianze kugawiwa kwa wale wasio na ua.

Majira yenyewe yanaeleza kwa nini. Mbeya iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na Iringa iko chini yake kidogo tu. Mvua huanza Novemba au Desemba na hukoma Aprili au Mei. Baada ya hapo ni kiangazi cha nusu mwaka, chenye baridi kali mwanzoni na vumbi mwishoni. Mahindi na maharage hukaushwa, yakawekwa, yakasubiri. Mchicha hausubiri. Chainizi, figiri, mnafu na majani ya maboga hunyauka siku ile ile yaliyochumwa, na kiangazi kikishika, fungu la mboga sokoni hupungua huku bei ikikataa kushuka. Kaya inayonunua kila kitu hupunguza mboga kwanza kabla ya kugusa unga. Kaya yenye matuta machache nyuma ya jiko, yanayomwagiliwa kwa maji yaliyooshea mchele na mboga, huchelewa sana kufika huko.

Wenyeji walilifahamu hili kabla miji haijachorwa. Wahehe na Wabena walilima vinyungu, bustani za mabondeni zinazotumia unyevu uliobaki ardhini baada ya mvua. Nyasi hufukiwa ndani ya tuta zioze ziwe mbolea, na juu yake hupandwa mahindi ya kuchoma, maharage, njegere na mboga wakati ambapo mashamba ya miinuko yamekauka. Mji wa Iringa ulipotanuka kuelekea bonde la Ruaha Mdogo ulizikuta bustani za namna hiyo. Mbeya nayo, iliyoanza mwaka 1927 kwa sababu ya dhahabu ya Lupa, imetoka chini ya mlima Loleza ikafuata barabara kuu hadi ikazifikia Iyunga upande mmoja na Uyole upande mwingine, sehemu ambazo zamani zilikuwa mashamba. Kwa sensa ya mwaka 2022 Jiji la Mbeya lilikuwa na watu zaidi ya 540,000, na Manispaa ya Iringa zaidi ya 200,000. Kila kiwanja kipya kinachopimwa hupunguza ardhi iliyokuwa inalisha mji, na hakuna anayeulizwa mboga zitatoka wapi.

Kauli ya serikali juu ya jambo hili imekuwa ikibadilika. Ni mjini Iringa kwenyewe, mwaka 1972, ambako TANU ilitoa azimio la Siasa ni Kilimo. Ukame ulipobana miaka miwili baadaye, kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona ikawataka hata watumishi wa ofisini washike jembe. Miaka ya 1980 mishahara iliposhindwa kufika mwisho wa mwezi, kuku na ng'ombe wa maziwa ndio waliosomesha watoto wa walimu, wauguzi na makarani. Lakini katika miaka hiyo hiyo, Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 ikatumika kuwaondoa mijini watu waliohesabiwa kuwa hawana kazi, wakalime vijijini, kana kwamba jembe halina haki ya kukaa mjini. Mwaka 1992 zikaja kanuni za kilimo cha mjini chini ya sheria ya mipangomiji ya wakati huo. Zilikikubali kilimo hicho, zikaweka kwamba mtu asilime zaidi ya ekari 3 ndani ya mji, na mifugo ifugwe bandani.

Kanuni hizo zilikuwa hatua ya maana, na tunazitambua hivyo. Ila tazama zilivyopanga mambo. Ziliweka kikomo cha juu kwa mwenye ardhi nyingi. Hazikumpa asiye nayo hata robo ya ekari. Hapo ndipo penye kasoro iliyobaki mpaka leo. Watafiti Dick Foeken, Michael Sofer na Malongo Mlozi, katika kazi yao ya mwaka 2004 juu ya Morogoro na Mbeya, walionyesha jinsi kilimo kilivyoenea katika miji hiyo. Lakini kuenea si kugawana sawa. Mwenye kiwanja cha ujazo mdogo pale Gangilonga au Forest ana nafasi ya migomba, banda la ng'ombe wawili na bustani ya mboga. Mpangaji wa chumba kimoja Mlandege au Mwanjelwa hana hata mahali pa kuanika nguo. Kilimo cha mjini kikiachwa kijiendee chenyewe humsaidia zaidi aliyekwisha kusaidiwa na kiwanja chake. Kaya yenye mtoto aliye hatarini kudumaa ndiyo yenye ua mdogo kuliko zote, au isiyo na ua kabisa.

Wapo wanaopinga, na hoja zao zinastahili jibu la kweli. Wa kwanza wanasema mahindi mjini huleta mbu na kuficha wezi. Kuhusu malaria, Iringa na Njombe ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi madogo kabisa nchini, kwa hiyo sheria ndogo ya kuzuia mahindi mjini, iliyotungwa kwa hofu ya malaria ya pwani, haifai kuhamishiwa Nyanda za Juu bila kufikiriwa upya. Kuhusu wezi, mboga fupi zinatosha kando ya nyumba, na mahindi yapewe eneo lake.

Wa pili wanataja maji machafu. Hawa wana haki kamili. Mboga iliyomwagiliwa kwa maji ya mtaro unaopitisha majitaka au mabaki ya gereji ni hatari kwa mlaji, na dawa za kuua wadudu zinazopuliziwa leo ili mboga ichumwe kesho ni hatari zaidi. Dawa ya tatizo hili ni maji safi na ofisa ugani anayefika mtaani. Amri ya kufyeka bustani haijawahi kumsafishia mtu maji.

Wa tatu wanataja vyanzo vya maji, na hoja yao ndiyo nzito kuliko zote. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka mto, ziwa au chanzo kingine cha maji. Ruaha Mdogo huingia Ruaha Mkuu, na Ruaha Mkuu ndio unaojaza bwawa la Mtera. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya hifadhi ya taifa. Hatumwombei mtu yeyote ruhusa ya kulima ukingoni mwa mto. Tunasema tu kwamba sheria hiyo imetimiza nusu ya kazi. Mama aliyeondolewa bondeni bila kuonyeshwa pa kwenda atarudi bondeni msimu ujao, kwa sababu watoto wake watakuwa bado wanahitaji mboga. Anayetaka mita 60 ziheshimiwe awe wa kwanza kudai ardhi ya bustani nje ya hizo mita 60.

Miji mingine imethubutu. Kufikia mwaka 2006 Kampala ilikuwa na sheria ndogo zinazoruhusu na kusimamia kilimo na ufugaji ndani ya jiji. Nairobi, iliyowahi kufyeka mazao ya wakazi wake, ilitunga mwaka 2015 sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini. Havana, baada ya kuanguka kwa Muungano wa Kisovieti mwaka 1991 kuinyima Kuba mafuta na chakula cha nje, iligawa viwanja vilivyokaa bure kwa wakazi walio tayari kuvilima. Zote tatu zilianza kwa kukiri kwamba mkazi wa mjini anayelima ni raia mwenye haki ya kupangiwa.

Hata hivyo mfano ulio bora kwetu uko nyumbani. Mwaka 1983 ulianza mkoani Iringa mpango wa lishe ulioungwa mkono na UNICEF na Shirika la Afya Duniani kwa fedha za Italia, katika vijiji 168. Watoto walipimwa uzito kijijini kwao, matokeo yakajadiliwa na wazazi na viongozi wa kijiji pale pale, na hatua zikaamuliwa na wenye watoto. Fikra zilizokomaa katika mpango huo ndizo zilizochangia mfumo wa UNICEF wa mwaka 1990 unaoeleza kwamba utapiamlo hutokana na mambo matatu yanayoshikana: chakula, maradhi na matunzo ya mtoto. Dunia ilijifunza jambo hilo kutoka Iringa. Mkoa uliofundisha dunia hauna sababu ya kuwa wa mwisho kulitumia.

Na hapa bustani ya karibu inaonyesha thamani yake yote. Wataalamu wa lishe wamekuwa wakitaja kwamba mama wa Nyanda za Juu huondoka alfajiri kwenda shamba la mbali, akarudi jioni, huku mtoto mchanga ameachwa kwa ndugu yake mdogo na kiporo. Bustani iliyo hatua chache kutoka mlangoni inaleta chakula bila kumwondoa mama nyumbani. Ikilimwa na kikundi, wanawake hupokezana kulea na kumwagilia, hununua mbegu na pampu kwa pamoja, na huwa na sauti moja mbele ya mtendaji wa mtaa. Maendeleo ya jamii huanzia katika kukaa pamoja kwa namna hiyo.

Tunazitaka halmashauri za Mbeya na Iringa zifanye mambo manne. Kwanza, kila mchoro mpya wa upimaji uwe na eneo la bustani za pamoja lenye hadhi ya kisheria, lisiloweza kubadilishwa kuwa viwanja vya kuuza bila ridhaa ya mkutano wa mtaa. Pili, maeneo ya wazi ya taasisi, zikiwemo shule na zahanati, yafunguliwe kwa mikataba ya miaka kadhaa kwa vikundi vya wapangaji na kaya zenye watoto wadogo. Tatu, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kisheria kwa mikopo, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ivifikie vikundi vya bustani na vya ufugaji wa bandani kama inavyovifikia vya biashara. Nne, utaalamu wa kituo cha utafiti cha Uyole, kilichomo ndani ya mipaka ya Jiji la Mbeya, uvuke barabara uingie mitaani, pamoja na mbegu za mboga za asili na mafunzo ya mbolea ya samadi.

Ndugu msomaji, mipango ya matumizi ya ardhi hubandikwa na kujadiliwa kabla ya kupitishwa, na mara nyingi hupita kwa sababu hakuna aliyekwenda kuisoma. Nenda kwenye mkutano wa mtaa wako. Omba mchoro uwekwe mezani, na uliza eneo la bustani liko wapi. Likikosekana, lidai liwekwe kabla mchoro haujatiwa saini.