Themostati si Takataka
Wiki hii, nje kidogo ya Sikonge, lori la tumbaku lililokuwa likienda Tabora lilisimama mshale wa joto ukiwa kwenye wekundu, na utingo alishashika kitambaa afungue kifuniko cha rejeta. Dereva alimkemea, na alifanya vyema: maji ya moto yaliyobanwa kwa presha humrukia mtu usoni. Injini ilipopoa wakaongeza maji, wakaiwasha. Mkanda wa feni ulikuwa mzima, rejeta haikutoa mapovu ya gasketi iliyoungua, lakini injini ilichemka huku mpira wa juu ukiwa vuguvugu tu. Themostati imeganda, fundi mmoja akasema. Akaing'oa, akaitupa porini. Moyo uliniuma. Themostati ni mlango wa maji kwenda kwenye rejeta, na mlango ukikwama hutengenezwa, haubomolewi. Kwenye injini nyingi za dizeli kifaa hicho, kinachofunguka kwenye nyuzi 80 hivi, huziba pia njia ya mchepuko. Kikikosekana, sehemu ya maji huzunguka bila kupita kwenye rejeta, na mzigo ukiwa mzito joto hurudi. Kung'oa themostati na kuondoka si ufundi, ni kumtelekeza dereva njiani. Mpya ikae kwenye boksi la spana, na kabla ya kufungwa ijaribiwe kwenye sufuria ya maji yanayochemka.